Si Kila Uvimbe wa Ini ni Saratani: Kipimo cha Viputo na Faida Yake

Mgonjwa anapoambiwa katika chumba cha skeni kwamba ini lake lina uvimbe, mara nyingi hasikii neno la pili. Hurudi nyumbani na karatasi mkononi, ndugu huitwa, na kabla ya jua kutua ugonjwa umekwisha kupewa jina: saratani. Hapo ndipo mbuzi huuzwa, watoto hutolewa shule, na mtu ambaye pengine angepona kwa vidonge vya siku chache husafirishwa kijijini kungoja siku zake. Ziko pia nyumba zinazokosea kwa upande wa pili. Askari huambiwa kwamba kivuli kilichoonekana ni kidogo, akarudi kazini, akameza vidonge vya maumivu, na mwaka ukapita. Yule wa kwanza ameogopa bure, na huyu wa pili amepoteza miezi ambayo tiba ingeweza kumfaa. Wote wawili wamesoma karatasi ile ile iliyoandikwa “uvimbe”, wala hakuna aliyewaeleza kwamba neno hilo si jina la ugonjwa.

Uvimbe wa ini una asili nyingi. Liko jipu linaloletwa na amiba, yaani mdudu yule yule wa kuhara damu, ambalo huponyeshwa kwa dawa ya metronidazoli na, likiwa kubwa, kwa kunyonywa usaha. Uko mfuko wa maji matupu ambao mtu aweza kuzaliwa nao akazeeka nao. Uko uvimbe wa mishipa ya damu iliyofungamana kama fundo la uzi. Huu kwa kawaida haudhuru, na wengi wanaokuwa nao hawapati kujua kamwe. Kuna saratani iliyoanzia mahali pengine, mathalan katika utumbo au titi, ikasafiri kwa damu hadi kutua katika ini. Mwisho kuna saratani iliyozaliwa katika ini lenyewe, ambayo ndiyo inayoogopwa zaidi katika nchi yetu, na kuogopwa huko kuna sababu.

ASILI YA HOFU

Usajili wa wagonjwa wa saratani mjini Kampala ulianza mwaka 1951, nao ni miongoni mwa sajili kongwe kabisa katika Afrika. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilifunguliwa Mulago mwaka 1967. Mwaka 1975 Daktari Charles Olweny na wenzake, akiwamo mpasuaji mashuhuri Sebastian Kyalwazi, walichapisha habari za kuitibu saratani ya ini kwa dawa iitwayo adriamaisini. Dawa hiyo ilileta matumaini makubwa mwanzoni, lakini haikuwa ponyo. Kwa hiyo madaktari wa Uganda wameujua ugonjwa huu kwa muda mrefu, nao wamejua kwa muda mrefu vile vile kwamba mgonjwa huja akiwa amechelewa. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2017, uliokusanya wagonjwa kutoka nchi kadhaa za Afrika, ulionyesha kwamba nje ya Misri umri wa kati wa mwenye saratani ya ini ulikuwa miaka 46, na kwamba nusu ya wagonjwa hao walifariki kabla ya kutimiza miezi mitatu tangu kutambuliwa. Miaka 46 si uzee. Ni umri wa sajini mwenye watoto sekondari.

Chanzo kikubwa ni homa ya ini aina ya B. Upimaji wa taifa wa mwaka 2016 na 2017 ulikuta virusi vyake katika asilimia 4.3 ya watu wazima wa Uganda, na wanaume wakiwa wengi zaidi: asilimia 5.6, dhidi ya asilimia 3.1 kwa wanawake. Mtoto huambukizwa na mama wakati wa kuzaliwa, au na watoto wenzake. Mtu mzima huambukizwa kwa damu, kwa kujamiiana, kwa wembe unaopita kidevu hadi kidevu. Upande wa Mbale, ambako vijana hutahiriwa katika imbalu kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, wauguzi hawachoki kusema kwamba kisu kimoja ni cha kijana mmoja. Chanjo ya watoto wachanga iliingizwa nchini mwaka 2002 na hutolewa katika wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Maana yake ni kwamba askari aliyezaliwa kabla ya mwaka huo hakuipata utotoni, na kama hajapimwa ukubwani hajui hali yake.

Virusi hivyo havifanyi kazi peke yake. Karanga na mahindi yaliyoanikwa kwenye udongo mbichi au kufungwa guniani kabla ya kukauka huota kuvu itoayo sumu ya aflatoksini, ambayo haiondoki kwa kupikwa. Watafiti waliopima vyakula vya Uganda katika miaka ya 1960 waliikuta sumu hiyo, na taarifa yao ya mwaka 1971 iliihusisha na wingi wa saratani ya ini. Akina mama watambue kwamba karanga zilizooza hazitengenezeki kwa kutwangwa. Kutwanga huzificha tu. Pombe kali nayo hulitia ini makovu, na ini lenye makovu ndilo shamba la saratani.

Katika vijiji vya wavuvi vilivyo kando ya ziwa karibu na Jinja kuna jambo jingine la kuangaliwa. Kichocho cha tumbo huleta makovu kuzunguka mishipa ya ini, tumbo likajaa maji na bandama ikavimba hadi kushikika kwa mkono. Mgonjwa wa namna hiyo aweza kudhaniwa ana saratani, kumbe ana kichocho cha miaka mingi. Tofauti yake huonekana vizuri kwa skeni ya kawaida, ikiwa anayepima amefundishwa kuitafuta.

SAUTI ISIYOSIKIKA

Kipimo cha altrasaundi, ambacho watu wamezoea kukiita skeni, hakitumii miali kama eksirei. Kifaa kinachopitishwa tumboni hutoa sauti nyembamba mno isiyosikika kwa sikio la binadamu. Sauti hiyo hugonga viungo vya ndani na kurudi kama mwangwi, na mashine hugeuza mwangwi huo kuwa picha. Uganda imekuwa na bahati katika mambo ya picha za tiba. Mengo ndiko ilikofungwa mashine ya kwanza ya eksirei katika Afrika Mashariki, mwaka 1907. Na katika mwaka 2010 kituo cha afya cha Nawanyago, wilaya ya Kamuli, kaskazini mwa Jinja, kilianza kuwapima kwa altrasaundi akina mama wajawazito, picha zikapelekwa kwa njia ya mtandao wa simu hadi kwa madaktari waliokuwa mbali. Kijiji ambacho hakikuwa na daktari wa picha kikapata jicho la daktari wa picha. Mfano huo unastahili kukumbukwa na kila anayesema kwamba vipimo vya kisasa ni vya mji mkuu peke yake.

Hata hivyo, skeni ya kawaida ina upungufu mmoja mkubwa katika habari za ini. Huonyesha kwamba kuna kitu, hupima ukubwa wake, husema kama kina maji ndani au nyama. Lakini nyama ni nyama: uvimbe usiodhuru na saratani changa huweza kutoa kivuli kimoja cha kijivu, mviringo ule ule, ukubwa ule ule. Daktari mwaminifu huandika “uvimbe” kwa sababu hilo ndilo aliloliona. Zamani hatua iliyofuata ilikuwa kuchoma sindano na kuchukua kipande cha ini kikaangaliwe kwa darubini. Njia hiyo ingali inatumika na ina manufaa yake, ila ini ni kiungo chenye damu nyingi, na kulitoboa si jambo la kuamuliwa haraka.

Hapa ndipo viputo vinapoingia. Mwaka 1968 Raymond Gramiak na Pravin Shah, waliokuwa Rochester katika jimbo la New York, Marekani, walitoa taarifa kwamba maji ya dawa yanapopigwa kwa sindano karibu na moyo, mwangwi wa altrasaundi hung'aa ghafula. Chanzo chake kilikuwa viputo vidogo vya hewa ndani ya maji yale. Ilichukua miaka mingi kutengeneza viputo visivyopasuka njiani. Siku hizi dawa itumikayo sana huwa na gesi iitwayo salfa heksafloridi, iliyovikwa ganda jembamba la mafuta. Kiputo kimoja kwa wastani kina upana wa sehemu mbili na nusu za elfu moja za milimita. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa sehemu saba hivi. Kwa hiyo kiputo hupita popote damu inapopita, hata katika mishipa myembamba kuliko unywele. Dawa hiyo iliruhusiwa katika Ulaya mwaka 2001, na mwaka 2016 Marekani nayo ikairuhusu kwa kupima ini la watu wazima na watoto.

Kinachoshangaza ni namna viputo vinavyojitambulisha. Sauti ikivipiga, hutanuka na kunywea mara nyingi mno katika sekunde moja, navyo hurudisha sauti ya namna yake, tofauti na ile ya nyama. Mashine iliyotayarishwa kwa kazi hiyo huitenga sauti ya viputo, ikaitupa ile ya nyama, na katika kioo huonekana damu peke yake ikitembea. Nguvu ya sauti hupunguzwa makusudi, maana ikiwa kali viputo hupasuka.

NJIA MBILI ZA DAMU

Ili kuelewa kwa nini damu inayotembea yaweza kutaja ugonjwa, yapasa kujua kwamba ini hupata damu kwa njia mbili. Robo hivi huja moja kwa moja kutoka moyoni kwa ateri. Robo tatu zilizobaki huja kwa mshipa mkubwa utokao matumboni, ukibeba chakula kilichosagwa. Damu ya ateri hufika kwanza, na ile ya matumboni huchelewa, kwa sababu imezunguka.

Msomaji aliyewahi kuyaona mashamba ya mpunga ya Doho, wilayani Butaleja, yanayonyweshwa na mto Manafwa, ataelewa bila taabu. Maji hupita katika mfereji na kuingia katika vijaruba kwa zamu. Sasa mkulima mmoja achimbe mfereji wake wa siri kutoka mtoni. Kijaruba chake kitajaa kabla ya vyote, na wakati wenzake wanaanza kujaa, chake kitakuwa kimekwisha kupungua. Saratani iliyozaliwa katika ini hufanya hivyo hivyo. Hujitengenezea ateri zake na kuuacha mshipa wa matumboni. Viputo vikiingizwa katika mshipa wa mkono, uvimbe huo hung'aa kati ya sekunde ya 10 na ya 45, wakati ini zima bado ni jeusi. Kisha ini likianza kung'aa, uvimbe hufifia polepole, na baada ya dakika moja, mbili au tatu hubaki kama tundu la kiza katikati ya mwanga. Saratani iliyohamia kutoka kiungo kingine huwa na haraka zaidi: mara nyingi hung'aa ukingoni kama pete, ikafifia kabla dakika moja haijatimia.

Chukua mfano wa watu wawili. Mmoja ni sajini wa kambi ya Gaddafi mjini Jinja, mwenye miaka 42, aliyekonda na kuona uzito chini ya mbavu za kulia. Wa pili ni mke wa konstebo wa polisi mjini Mbale, aliyekwenda kupimwa mawe ya nyongo. Skeni ya kawaida yaonyesha kwa kila mmoja kivuli cha sentimita 3 katika ini. Karatasi zao zingeweza kubadilishana majina na hakuna ambaye angetambua.

Wakipimwa kwa viputo, sajini uvimbe wake wawaka katika sekunde ya 20 na kuzimika katika dakika ya pili. Damu yake nayo yapimwa na kukutwa na virusi vya homa ya ini aina ya B, ambavyo hakuvijua. Mambo hayo mawili yakikutana, daktari hana shaka kubwa tena. Lakini sentimita 3, uvimbe ukiwa mmoja tu na ini likiwa lingali na nguvu, ni ugonjwa unaoweza kukatwa na mpasuaji au kuunguzwa kwa sindano ya moto, na virusi hutulizwa kwa kidonge cha kila siku cha tenofovia. Mke wa konstebo mambo yake ni mengine kabisa. Katika uvimbe wake mwanga waanza ukingoni kwa mafundo madogo, kisha wasogea ndani taratibu kama maji yanayoenea katika kitambaa, na katika dakika ya nne uvimbe wote umejaa mwanga wala hauzimiki. Huo ni uvimbe wa mishipa. Aweza kurudi nyumbani akashughulikia mawe yake. Kama angekuwa na jipu, ukingo ungeng'aa na katikati kungebaki kiza tangu mwanzo hadi mwisho, kwa kuwa usaha hauna mishipa ya damu.

Shughuli yote huchukua muda mfupi. Dawa yenyewe ni mililita mbili na kidogo, ikifuatiwa na maji ya chumvi, kisha daktari hutazama kioo dakika tano au sita bila kuondoa macho. Gesi hutoka kwa pumzi kupitia mapafu, haipiti katika figo. Ndiyo sababu mwenye figo dhaifu, ambaye dawa ya siti skani yaweza kumdhuru, hupimwa kwa viputo bila hofu hiyo. Hakuna miali. Watu wachache mno hupatwa na mzio mkali, pungufu ya mmoja katika kila 10,000, lakini mwenye ugonjwa mkubwa wa moyo au wa mapafu amweleze daktari kabla ya sindano.

MIPAKA YAKE

Msomaji asidhani kwamba hapa pamepatikana uganga. Mashine iliyokosa programu ya viputo haiwezi kazi hiyo, hata ikiwa mpya. Mtu mnene, au mwenye gesi nyingi tumboni, huweza kupata picha isiyosomeka. Viputo hutazama uvimbe mmoja au miwili kwa wakati mmoja, havilitembelei ini lote kama siti skani. Na mwanga ule wa kuwaka na kuzimika humaanisha saratani hasa kwa mtu mwenye homa ya ini ya kudumu au ini lenye makovu; kwa kijana asiye na hayo yote, daktari mwangalifu hutafuta ushahidi mwingine. Kipimo cha damu cha alfafetoprotini husaidia, lakini saratani yaweza kuwapo na kipimo hicho kikawa cha kawaida.

Gharama ni jambo zito. Chupa ya dawa ikishachanganywa hutumika ndani ya saa 6, na chupa moja hutosha kwa wagonjwa wawili. Hospitali inayompima mmoja Jumatatu na mwingine Alhamisi humwaga nusu ya dawa. Ikiwapangia siku moja, haimwagi kitu. Mipango midogo ya namna hii haihitaji fedha mpya, yahitaji daftari na mtu wa kulifuata.

Mahali ambapo viputo havipatikani, siti skani yenye dawa hutazama nyakati zile zile za damu, nayo hutoa majibu yanayoaminika. Mgonjwa wa Mbale anayeelekezwa Mulago ana safari ya zaidi ya kilomita 200 kwa barabara ya Tirinyi, akipitia Jinja, ambako mwenzake amebakiwa na kilomita 80 tu. Safari ya namna hiyo haifai kufanywa mara mbili kwa sababu ya karatasi iliyosahauliwa. Mgonjwa achukue majibu yote ya zamani, hasa picha zenyewe na tarehe zake, kwani uvimbe uliokuwa sentimita 2 miaka mitatu iliyopita na ungali sentimita 2 leo una habari yake, na ule ulioongezeka maradufu katika miezi sita una habari nyingine.

Kwa askari na jamaa zake, kazi huanza kabla ya uvimbe. Kila mtu mzima apimwe homa ya ini aina ya B mara moja; asiye nayo achanjwe sindano zake tatu zote, si moja. Aliye nayo aandikishwe kliniki, na kama daktari amemhesabu katika walio hatarini, apigwe skeni ya kawaida ya ini kila miezi sita, awe anaumwa au haumwi. Maumivu hayangojwi, kwa sababu ini huumia likiwa limekwisha kujaa. Mke amwonapo mumewe suruali za kazi zinamlegea, macho yana manjano, au anashiba kwa matonge mawili, asikubali maneno ya kwamba ni uchovu wa doria.

Siku ya kipimo mgonjwa huagizwa asile kwa saa kadhaa kabla, ili gesi ya tumboni isizuie picha. Akiwa katika chumba cha skeni anayo haki ya kuuliza maswali matatu kwa lugha anayoielewa: uvimbe una ukubwa gani, una dalili za kuwa wa namna gani, na ni kipimo gani kitakachoondoa shaka. Majibu yaandikwe nyuma ya karatasi pale pale, pamoja na tarehe ya kurudi.